Mji uliotajirika kwa watu ambao haukuwaona

Asalaam aleikum, habari za jioni jamani. Shikamooni wazee wangu mliokaa mbele hapa, na mama zangu mnaohangaika na masufuria kule nyuma tangu mchana, shikamooni sana. Nimeombwa niongee kidogo kuhusu huu mji tunaoishi, Bristol, historia yake na utamaduni wake, maana mwaka huu familia nyingi zimehamia, wengine toka Tanga na Mombasa, wengine toka Bukavu, na ndugu zetu wa Barawa ambao Kiswahili chao kina utamu wake, na watoto wakirudi shule wanauliza maswali mzazi anabaki kumwangalia tu. Kazi yangu mnaijua, naendesha basi. Sasa mtu ukiendesha basi mji mmoja miaka 14 unajua kona zake zote, na mi toka mwanzo nilikuwa na tabia moja, kila jina la kituo au la mtaa ninaloliona najiuliza huyu alikuwa nani na nani kamuweka pale. Nikawa siku ya ofu naenda maktaba, naenda makumbusho, nauliza wazee wa Kijamaika pale mtaa wa St Pauls. Ninayowaambia leo yametoka huko.

Ngoja nianze na maji, maana mi ni mtu wa Pangani na baba yangu alikuwa mvuvi wa dema, kwa hiyo kabla sijajua kusoma nilishajua bamvua ni lini na maji mafu ni lini. Siku ya kwanza nimefika Bristol nikapelekwa kuona mto Avon, kumbe maji yamepwa, jamani nilisimama pale nikashika mdomo. Mto mzima umekuwa kamfereji kadogo katikati, huku na huku ni tope linang'aa kama ngozi ya kambare, boti zimelala ubavu vilevile kama majahazi yetu yakipwelewa. Nikasema haa, kumbe nimefika nyumbani. Ila kwetu bamvua kubwa maji yanapanda mita tatu na kitu, hapa kwenye mdomo wa mto yanapanda zaidi ya mita 12, yani nyumba ya ghorofa nne inamezwa na kutapikwa mara mbili kwa siku, ni kati ya sehemu zenye maji ya kujaa na kupwa makubwa kuliko zote duniani. Na mji wenyewe hauko baharini, uko ndani zaidi ya kilomita 10 kupandisha mto, meli ilikuwa inasubiri maji yajae ndo inapanda nayo, yakipwa inabaki imekaa kwenye tope gatini na shehena yake yote. Chombo kikiwa kimeundwa vibaya mkuku unavunjika, mzigo ukiwa umepangwa hovyo unaporomoka. Ndo maana mpaka leo Waingereza wakitaka kusema kitu kimepangwa sawasawa wanasema kimekaa kwa mtindo wa Bristol.

Wakachoka na hilo tope. Mwaka 1804 mpaka 1809 injinia mmoja William Jessop akachimba mfereji mpya wa kupitishia mto pembeni, ule unaitwa New Cut, alafu mto wa zamani ukazibwa kwa milango ya maji, maji yakakaa humo humo yasitoke. Kwa hiyo yale maji mnayopiga nayo picha pale katikati ya mji, yametulia kama bwawa, sio kwamba bahari hapa ni tulivu, yamefungiwa. Ukitoka pale ukatembea dakika chache tu mpaka New Cut utaona tope na mwendo wa maji vile ulivyokuwa siku zote.

Jina lenyewe zamani lilikuwa Brycgstow, maana yake mahali penye daraja, baadae likawa Bristow. Sasa hiyo L ya mwisho imetoka wapi? Imetoka mdomoni mwa wenyeji, wazee wa hapa hawawezi kuacha neno liishie kwenye irabu, lazima waongeze L. Sisi tunachukua maneno yao tunayaongezea irabu mwishoni, basi, benki, kabati, wao ya kwao wameongezea L mpaka mji mzima ukabadilika jina. Nalipenda sana jambo hili kwa sababu linaonyesha lafudhi ya watu wa chini ndo iliyobaki kwenye ramani, kwa hiyo mtoto wako akichekwa lafudhi shuleni mwambie hadithi hii.

Jambo jingine la kumwambia ni kwamba hii bandari iliuza watu kabla haijajua Afrika iko wapi. Karne ya 11 watu wa hapa walikuwa wanakusanya vijana wa Kiingereza, wasichana kwa wavulana, wanawafunga kamba, wanawapeleka Ireland kuwauza. Waingereza wanauzwa na Waingereza wenzao. Palikuwa na askofu wa Worcester, Wulfstan, alikuwa anakuja anakaa hapa miezi anahubiri kila Jumapili waache, mwishowe wakaacha. Kwa hiyo mtu asije akawaambia kwamba zamani watu hawakujua kama ni vibaya. Walijua, waliambiwa, miaka 600 kabla ya yale yaliyofuata.

1497 mtu wa Venice, John Cabot, aliondoka hapa na kimeli kinaitwa Matthew akavuka mpaka upande wa Kanada, kile mnachokiona gatini ni cha kuigiza ila kimeundwa vizuri na kinaelea, watoto watakipenda, mi naenda mbele.

Sasa hapa naomba mnisikilize vizuri. Biashara ya watumwa kutoka Afrika, kwa muda ilikuwa mali ya kampuni moja ya kifalme ya London peke yake. Wafanyabiashara wa Bristol walikuwa na chama chao chenye hati ya mfalme toka 1552, wakapiga kelele bungeni na wao waruhusiwe, na mwaka 1698 mlango ukafunguliwa. Toka hapo mpaka 1807 biashara ilipopigwa marufuku, meli za Bristol zilifanya safari zaidi ya 2,000, zikabeba watu zaidi ya nusu milioni. Kuna miaka ya 1730 huu mji uliipita hata London, alafu Liverpool ikaja ikawapita wote.

Na walipeleka nini kununulia watu? Vitambaa, bunduki, baruti, na shaba. Mnaijua Baptist Mills, hapo hapo karibu, pale barabara kuu ya M32 inapopita juu na mnapolalamikia foleni asubuhi? Mwaka 1702 palianza kiwanda cha shaba, masufuria na mabakuli na vyuma vya shaba vilifuliwa pale vikapakiwa kwenda pwani ya Afrika Magharibi. Kila nikipita pale na basi nalikumbuka hilo, nimebeba watu wanaangalia simu, na chini ya barabara ndo palipofuliwa bei ya binadamu.

Lakini watu wenyewe waliouzwa hawakupita hapa. Hili ndo nimekuja kusema leo, nalirudia, hawakupita hapa. Meli ilitoka Bristol na bidhaa, ikaenda Afrika ikabadilishana na watu, ikavuka nao mpaka Jamaica, Barbados, Nevis, Virginia, ikawashusha kule, ikarudi Bristol na sukari, tumbaku na ramu. Mtu aliyesimama gatini hapa aliona mapipa yanaondoka na mapipa yanarudi. Mtawasikia watu wanasema yale mapango ya Redcliffe walikuwa wanafungiwa watumwa, nimeulizwa na abiria mara nyingi sana. Sio kweli, yale yalichimbwa mchanga wa kutengenezea vioo alafu yakatumika kama ghala. Watu wanataka kuwe na pango, kuwe na mnyororo, ili kuwe na kitu cha kugusa. Hakuna. Kilichopo ni nyumba nzuri za Queen Square, na viwanda vya kusafisha sukari ambavyo karne ya 18 vilikuwa karibu 20, na moshi wake mji mzima uliuvuta.

Sisi tuliotoka pwani yetu hatukulelewa hivyo. Ukienda Unguja, Mkunazini, unaambiwa soko lilikuwa hapa, mahali penyewe hapa, mpaka 1873. Kwetu Pangani mto ule ule niliokuwa naogelea, karne ya 19 kingo zake zilikuwa mashamba ya miwa yaliyolimwa na watumwa, miwa ikasagwa ikatoka sukari guru ikapakiwa majahazini. Na waliolima hawakwenda popote, walibaki, tukaoana, tunazikana, kuna majina ya ukoo mtu akiyataja watu wazima wanaangalia chini. Sisi tuliyaona kwa macho tukayafunika kwa sababu ya stara, au tuseme kwa sababu ya aibu. Bristol haikuhitaji kufunika kitu, kitu kilikuwa upande wa pili wa bahari. Unaweza kula sukari maisha yako yote ukawa mtu wa kanisani, mpole, unatoa sadaka, na hujawahi kumuona hata mmoja katika wale wanaokufa ili wewe unywe chai. Nimefikiria sana jambo hili na kila nikilifikiria naona ndo sababu mji huu ulisahau kwa urahisi vile.

Walikuwepo wachache sana walioletwa mpaka hapa, na majina yao mawili nataka mtoke nayo.

Wa kwanza ni Pero. Kule Nevis mwaka 1765 tajiri mmoja wa mashamba ya miwa, John Pinney, alimnunua akiwa na miaka 12, pamoja na dada zake wawili. Pinney alipotajirika vya kutosha akarudi Uingereza na Pero akaja naye kama mtumishi wake, na nyumba aliyojenga ipo mpaka leo, namba 7 Great George Street, ni makumbusho, mnaingia mnaona vitanda na vyombo vya sahani. Pero alimtumikia miaka zaidi ya 30 akafa 1798. Mwaka 1999 lile daraja la miguu pale bandarini, lile lenye pembe mbili kubwa kama baragumu, wakalipa jina lake, Pero's Bridge. Vijana wamekuwa wakifunga makufuli ya mapenzi pale hawajui.

Wa pili ni kijana ambaye jina alilopewa na mama yake hatulijui, waliompata walimwita Scipio Africanus. Alikuwa mtumishi wa nyumba ya bwana mkubwa mmoja, alikufa Desemba 1720 ana miaka 18, kazikwa uani kwa kanisa la St Mary kule Henbury. Jiwe la kaburi lake limepakwa rangi, lina vichwa vya malaika weusi, na maandishi yanamsemesha yeye mwenyewe kwamba alizaliwa mpagani na mtumwa na sasa analala Mkristo. Mi nilienda kule siku moja ya mvua nikasoma Fatiha yangu kimya kimya, najua alizikwa Kikristo na Mungu anajua nia yangu, ila niliona mtoto wa miaka 18 hawezi kulala miaka 300 ugenini asiombewe na mtu aliyetoka bara lake.

Na wapo Waingereza walioumizwa na hili, tusiwasahau. 1787 Thomas Clarkson alikuja hapa kukusanya ushahidi, akafikia kwenye baa moja inaitwa Seven Stars, ipo mpaka leo na ina kibao ukutani, mwenye baa akawa anamzungusha usiku vilabu vya mabaharia, mabaharia wenyewe wakamwambia wanavyopigwa na wanavyokufa kwenye zile meli. Ushahidi ule ulisaidia kuivunja ile biashara. Baadae serikali ilipokomesha utumwa ikatenga pauni milioni 20 za fidia, na waliolipwa ni wenye watumwa, deni la pesa zile limemalizika kulipwa 2015, yani wengi wenu humu mlioanza kazi kabla ya hapo kodi yenu imekatwa humo.

Sasa Colston, maana najua mnamsubiri. Edward Colston kazaliwa hapa 1636, maisha yake mengi aliishi London, akaingia ile kampuni ya kifalme 1680 akapanda mpaka naibu gavana. Kwa miaka aliyokuwemo inakadiriwa walisafirisha watu kama 84,000, na kama 19,000 walifia njiani. Pesa zake alizotoa sadaka zikajenga shule na nyumba za wazee maskini hapa, kwa hiyo jina lake likawa kila mahali, mtaa, shule, ukumbi wa muziki, na 1895, miaka zaidi ya 170 tangu afe, wakamsimamishia sanamu na kuandika chini kwamba ni mmoja wa wana wema na wenye hekima kuliko wote wa mji huu. Watu walilalamika miaka na miaka, kundi la Massive Attack ambao ni vijana wa hapa hapa walikataa kupiga kwenye ule ukumbi kwa sababu ya jina, watu wakaomba basi angalau kibao kibadilishwe maneno, vikao vikakwama kwenye maneno. Tarehe 7 Juni 2020 watu wakaja na kamba. Nilikuwa zamu siku ile, mabasi yote ya katikati yakabadilishiwa njia, abiria mmoja mama wa makamo akanionyesha kwenye simu yake, wamemvingirisha mpaka bandarini wakamtupa majini karibu kabisa na daraja la Pero. Karibu na daraja la Pero! Hakuna aliyepanga. Yule mama alikuwa analia na mi sikumuuliza analilia nini, nikasimamisha basi kidogo tukakaa kimya. Wanne walishtakiwa, Januari 2022 baraza la mahakama likawaachia. Ukumbi sahivi unaitwa Bristol Beacon, na sanamu yuko makumbusho ya M Shed, amelazwa na rangi zake walizompaka, nendeni mkamuone, bure. Ila mjue pia siku chache baada ya hapo mtu alienda Henbury akavunja jiwe la yule kijana. Watu wengi hilo hawalisemi. Wenyeji wakachanga pesa za kulitengeneza.

Lakini kwangu mi, ndugu zangu, habari kubwa ya mji huu sio sanamu. Ni basi.

Baada ya vita vikuu vya pili Wajamaika na watu wa visiwa vile walikuja kufanya kazi hapa, wakapanga vyumba St Pauls, mahali ambapo wengine hawakutaka kukaa. Kampuni ya mabasi, Bristol Omnibus Company, ilikuwa haiajiri mtu mweusi kuwa dereva wala konda, na chama cha wafanyakazi wenyewe 1955 kilipitisha azimio hivyo hivyo, na sheria ya nchi ilikuwa haikatazi. Kuosha mabasi gereji unaweza, kukaa mbele abiria wakuone huwezi. 1963 kijana mmoja Paul Stephenson, baba yake Muafrika wa Magharibi, akapiga simu kampuni akamwombea intavyuu kijana Guy Bailey, miaka 18, msomi, ana adabu zake. Simu haina rangi, wakakubali. Walipojua ni Mjamaika intavyuu ikafutwa. Basi mwisho wa Aprili wakatangaza mgomo, mtu mweusi asipande basi Bristol, kama walivyofanya wenzao Montgomery kule Marekani. Roy Hackett na wenzake wakaenda kusimama barabarani pale Fishponds Road mabasi yasipite, Fishponds Road hii hii, mkitoka hapa mnapinda kushoto. Wanafunzi wa chuo kikuu wakaandamana nao, na wazungu wengine wakaacha kupanda. Miezi minne. Watu walikuwa wanatembea kwa miguu kwenda kazini na kurudi, na mnajua vilima vya mji huu vilivyo, mama katoka zamu ya usiku hospitali anapanda kilima kwa miguu na basi tupu linampita.

Tarehe 28 Agosti 1963 kampuni ikasalimu amri, siku ile ile Martin Luther King anahutubia Washington. Wa kwanza kuajiriwa, 17 Septemba, alikuwa Raghbir Singh, Kalasinga, akawa konda na kilemba chake. Sheria za kwanza za nchi nzima kuhusu ubaguzi, 1965 na 1968, watu wanasema mgomo ule ulizisukuma. Hackett alifariki 2022, Stephenson 2024. Mzee Stephenson sikuwahi kuongea naye, na najuta.

Mi siku naanza kazi nilikabidhiwa ufunguo, nikapewa koti, nikaambiwa njia yako hii. Hakuna aliyeniangalia mara mbili. Nilikuwa sijui lolote kuhusu mgomo, nilidhani nimepata kazi kwa sababu nilifaulu mtihani. Nilikuja kujua mwaka wa pili kutoka kwa mzee mmoja wa Jamaica aliyekuwa anapanda kila Jumanne na kapu lake, alikuwa anasimama mlangoni kabla ya kukaa ananiangalia usoni anatabasamu, nikamuuliza siku moja mzee kuna nini, akaniambia nilitembea kwa miguu miezi minne ili wewe ukae hapo. Jamani. Nilimaliza ile zamu sijui nilimalizaje.

Ndo maana utamaduni wa hapa ninaoupenda kuliko kanivali ya St Pauls yenye maspika yake toka 1968, kuliko maputo makubwa yanayopaa kila Agosti na wale akina Banksy wa kuchora kuta, ni jambo dogo sana. Mtu wa Bristol akishuka kwenye basi anamshukuru dereva. Bibi, mtoto, mlevi, tajiri wa Clifton, wote. Wafundisheni watoto, wakishuka washukuru, kwa sauti dereva asikie.

Mama wananionyesha saa, pilau liko tayari. Jumapili nimeomba ofu, nitawatembeza kwa miguu wanaotaka: tunaanzia Seven Stars, tunapita Queen Square, tunaona New Cut maji yakiwa yamepwa, tunakwenda M Shed, tunamalizia Pero's Bridge. Saa nne asubuhi, mje na makoti ya mvua na watoto wavae viatu vya kutembelea. Henbury ni mbali, pale tutapanda basi.